Haki ya Koridoni

Mtu akikuambia kwamba amesomea haki jinai chuo kikuu kwa miaka minne, una kila sababu ya kuamini kuwa anajua jinsi watu wanavyotiwa hatiani. Ndivyo jina la shahada linavyodai. Mimi ninayo shahada hiyo. Niliisomea Marekani, katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio, kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, na picha yangu nikiwa nimevaa joho ipo sebuleni kwa mama yangu kule Tanga hadi leo. Basi nisidhaniwe kuwa nasema kwa wivu wa mtu aliyeikosa. Nasema kama mtu aliyekula akashiba, na sasa anauliza kilichopikwa.

Dai langu ni moja. Shahada ya haki jinai, jinsi inavyofundishwa katika vyuo vingi, humfundisha mwanafunzi namna kesi inavyosikilizwa, ilhali kesi zilizo nyingi hazisikilizwi kamwe. Humalizwa koridoni, nje ya mlango wa mahakama, kwa mapatano baina ya mwendesha mashtaka na wakili, na mshtakiwa huingia ndani kwa dakika chache tu kutamka kwamba amekubali kosa. Mwanafunzi anayehitimu bila kuijua korido hiyo amefundishwa arusi, hakufundishwa ndoa. Na kwa kuwa elimu hii sasa inafundishwa pia katika vyuo vya Afrika Mashariki, sioni sababu ya kulinyamazia jambo hili.

Tuanze na asili ya elimu yenyewe. Mwanzo wake ni polisi. August Vollmer, mkuu wa polisi wa mji wa Berkeley huko California, alifungua shule ya askari wake mwaka 1908, na mwaka 1916 Chuo Kikuu cha California kikaanza kutoa masomo ya upolisi kwa msaada wake. Nia yake ilikuwa njema. Askari wengi wa siku zile walichukuliwa mitaani, wakapewa rungu na beji, wakaambiwa nendeni. Kwa miaka mingi masomo haya yalibaki katika vyuo vichache tu. Kilichoyatawanya ni fedha. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliunda tume ya kuchunguza uhalifu na utoaji haki, na taarifa ya tume hiyo, iliyotoka mwaka 1967, ilipendekeza pamoja na mengine mengi kwamba askari polisi wasomeshwe mpaka ngazi ya shahada. Mwaka 1968 Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya kupambana na uhalifu, na chini ya sheria hiyo serikali kuu ikaanza kuwasaidia karo askari waliotaka kusoma na wanafunzi waliotaka kuingia katika kazi hizo. Vyuo vikaona neema imeshuka. Idara za haki jinai zikachipuka kama uyoga baada ya masika. Haikupita miaka mingi, tume nyingine, ambayo taarifa yake ya mwaka 1978 iliandikwa na Lawrence Sherman, ikalalamika kwamba mengi ya masomo hayo yalikuwa finyu mno, ya kumzoeza mtu kazi ya polisi kuliko kumpa elimu.

Siikumbushi historia hii ili niwadharau askari. Naikumbusha kwa sababu elimu humfuata yule anayeilipia. Shahada iliyoanzishwa kwa ajili ya polisi, ikakuzwa kwa fedha za kuwasomesha polisi, huutazama ulimwengu kupitia kioo cha mbele cha gari la polisi. Mtu anaonekana, anafukuzwa, anakamatwa, na baada ya hapo gari linageuka kwenda kutafuta mwingine. Kinachompata aliyekamatwa huachiwa vitabu vikieleze kwa mchoro, na mchoro huo kila aliyepita katika madarasa yale anaujua: mishale inayotoka kwa polisi kwenda mahakamani, kutoka mahakamani kwenda gerezani. Polisi, mahakama, magereza. Huo ndio utatu wa haki jinai.

Ili kuhitimu nilihitaji krediti 120. Nilisoma utangulizi wa haki jinai, kazi ya polisi, magereza na uangalizi wa wafungwa, nadharia za uhalifu, takwimu, mbinu za utafiti, maadili ya kazi, na somo moja la mahakama. Katika miaka ile minne tuliigiza kesi mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mmoja wa wale raia 12 wa juri; mara ya pili nilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Tulivaa suti za kuazima. Mwalimu alivaa vazi jeusi la jaji na kugonga meza kwa nyundo yake ya mbao, nasi tukasimama kwa heshima zote. Ilikuwa raha tupu, sikatai. Lakini hakuna hata siku moja tuliyoigiza mapatano ya kukubali kosa. Hakuna aliyesimama ukutani, faili mkononi, akamwambia mwenzake: una dakika 5 za kuamua. Kitabu chetu cha utangulizi, ambacho kiliipamba kesi ya mahakamani kwa sura kadhaa na picha za rangi, kiliyapa mapatano hayo kurasa tatu.

Kurasa tatu! Sasa tazama hesabu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipoamua shauri lililotoka Missouri, ilitaja tarakimu ambazo hakuna anayezibishia: katika kila watu 100 waliotiwa hatiani kwenye mahakama za serikali kuu, 97 walikubali kosa wenyewe, katika mahakama za majimbo, 94. Jaji Anthony Kennedy, aliyeiandika hukumu hiyo, alikiri kwamba haki jinai ya siku hizi kwa sehemu kubwa ni utaratibu wa mapatano, si utaratibu wa kusikiliza kesi. Hayo hayakusemwa na mwanaharakati mwenye hasira mtaani. Yamesemwa na mahakama yenyewe. Basi chuo kinachotumia wakati wake karibu wote kwa wale 3 au 6, na kurasa tatu kwa wale 97, nikifananishe na nini? Nimezaliwa pwani. Nakifananisha na chuo cha uvuvi kinachofundisha kuvua nyangumi kwa miaka minne, halafu ukurasa wa mwisho kikasema kwamba, kwa kweli, watu wengi huvua dagaa.

Vitabu vile humpenda sana Clarence Gideon, na mimi pia nampenda. Alikuwa maskini wa Florida aliyeshtakiwa mwaka 1961 kwa kuvunja na kuingia katika chumba cha mchezo wa biliadi. Aliomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa. Akiwa gerezani aliandika ombi lake kwa penseli, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa, kama hana uwezo, lazima apewe wakili. Kesi ikarudiwa, safari hii akiwa na wakili, na juri likamwachia huru. Kisa kizuri mno. Lakini angalia: Gideon aliokolewa kwa sababu kesi yake ilisikilizwa. Mashahidi waliulizwa maswali. Wakili wake aliwabana. Hayo yote ndiyo ambayo walio wengi hawayapati leo, hata wakiwa na wakili pembeni. Mwanafunzi anayelelewa kwa kisa cha Gideon peke yake hutoka chuoni akiamini kwamba tatizo lilimalizika mwaka 1963.

Kwa nini hatukufundishwa kwa marefu kisa cha Paul Lewis Hayes? Huyu alikuwa mtu wa Kentucky, alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30. Mwendesha mashtaka alimwambia: kubali kosa, nami nitaomba ufungwe miaka 5, ukinisumbua kwa kutaka kesi isikilizwe, nitakushtaki chini ya sheria ya wahalifu sugu, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Hayes, ambaye alikuwa na makosa mawili ya nyuma, alikataa. Mwendesha mashtaka akafanya kama alivyoahidi, na Hayes akafungwa maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema katiba haikuvunjwa. Pima mwenyewe, msomaji. Miaka 5 ilikuwa bei ya hundi. Tofauti iliyobaki, kutoka miaka 5 hadi maisha, ilikuwa bei ya kudai haki ambayo katiba ya nchi imeiandika tangu mwaka 1791. Kisa hiki ndicho kinachoieleza mahakama ya leo kuliko cha Gideon, nacho nilikikuta maktabani kwa kupekuapekua mwenyewe, hakikuwa katika orodha ya mwalimu yeyote.

Labda mtu atasema hizi ni hesabu na mashauri ya mbali. Nimweleze basi nilichokiona kwa macho. Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa tatu, nilikuwa na jirani kutoka Uvira, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kabla ya kuhamishiwa Marekani. Ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala mji. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, akifanya kazi ya usiku katika ghala. Jioni moja alizozana na mtu katika uwanja wa magari wa nyumba tulizopanga. Yule mtu alisema amepigwa. Jirani yangu alisema aliusukuma tu mkono uliokuwa umemshika shati. Polisi waliokuja hawakujua lugha yake naye hakuijua yao vya kutosha, basi wakamchukua. Alishtakiwa kwa shambulio, kosa dogo la daraja la kwanza, ambalo kwa sheria ya Ohio mwisho wake ni siku 180 za jela na faini ya dola 1,000. Alikaa rumande siku 5 mpaka waumini wenzake walipochanga fedha za dhamana. Baada ya hapo akaitwa mahakamani, akarudishwa. Akaitwa tena, akarudishwa tena. Kila mara alikosa kazi, na msimamizi wake alikwisha kumwonya.

Kabla ya mara ya tatu mkewe alinipigia simu. "Shemeji, si wewe unayesomea mambo ya mahakama? Njoo usimame naye." Nikaenda.

Wakili wake wa umma alikuwa dada kijana, faili zimemjaa kifuani kama kuni. Simlaumu hata kidogo. Alitukuta koridoni, akaweka simu yake juu ya kiti, na kutoka ndani ya simu ikatoka sauti ya mkalimani, mama mmoja mwenye Kiswahili cha Kenya. Wakili akaeleza: mwendesha mashtaka yuko tayari kulifuta shtaka la shambulio iwapo mshtakiwa atakubali kosa dogo zaidi la kufanya fujo. Hakuna jela. Atalipa faini na gharama, na mambo yataishia leo. Akikataa, kesi itapangiwa tarehe nyingine baada ya wiki kadhaa, na akishindwa, zile siku 180 ziko palepale.

Jirani yangu akafikiri. Kisha akasema, akiielekea ile simu: "Mimi sikumupiga. Sasa nikisema ndiyo, si nitakuwa nimesema uongo mbele ya jaji?"

Mkalimani akatafsiri. Wakili akajibu kwa upole kwamba huo ni uamuzi wake mwenyewe, hakuna anayemlazimisha. Jirani akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe unasoma haya. Vitabu vinasema nini?"

Vitabu havikuwa vikisema kitu. Miaka mitatu ya karo, maelfu ya kurasa, na hapakuwa na sentensi moja niliyopewa inayohusu saa ile na mahali pale. Nilijua aina za magereza. Nilijua nadharia za kwa nini vijana huingia katika magenge. Nilijua juri huchaguliwaje. Lakini hapakuwa na juri, hapakuwa na gereza, hapakuwa na genge. Palikuwa na mtu mzima, mkewe, simu juu ya kiti, na saa ya ukutani.

Akasema: "Basi nakubali. Niende ku kazi."

Ndani ya chumba cha mahakama jaji alimwuliza maswali yote anayopaswa kuuliza. Unaelewa kwamba unaacha haki ya kesi yako kusikilizwa? Ndiyo. Kuna mtu aliyekulazimisha au kukuahidi kitu? Hapana. Akasomewa na lile onyo ambalo sheria ya Ohio inataka asomewe asiye raia, kwamba kukubali kosa kunaweza kuathiri makazi yake nchini. Ndiyo, ameelewa. Nilitazama saa: dakika 4. Kwa kumbukumbu za mahakama, mtu alisimama akakiri kwa hiari yake. Miaka iliyofuata, kila alipoomba kazi mpya na mwajiri akachungulia rekodi yake, kosa lile lilikuwa pale likimsubiri. Alipoomba uraia alitakiwa alieleze tena.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinaposhinda vitabu vyote nilivyosoma. Sisi tuna maneno mawili. Kukiri ni kukitoa nje kilichomo moyoni mwako. Kukubali ni kukipokea unachopewa na mwingine. Mgonjwa hukubali dawa chungu. Mwenye njaa hukubali ujira mdogo. Jirani yangu alikubali, hakukiri. Mahakama iliandika kwamba amekiri. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo haki jinai ya Marekani inapokaa, na somo langu la miaka minne halikuwahi kutia mguu hapo.

Najua nitakayojibiwa, kwa kuwa nimeyasikia kutoka kwa walimu na kutoka kwa wenzangu niliohitimu nao.

Watasema kwanza: bila mapatano mahakama zitaziba, hakuna majaji wala vyumba vya kutosha kusikiliza kesi zote. Huenda. Lakini jimbo la Alaska liliwahi kulijaribu jambo hilo: mwaka 1975 mwanasheria mkuu wa jimbo, Avrum Gross, aliwapiga marufuku waendesha mashtaka wake kufanya mapatano. Wengi walitabiri maafa. Kesi zilizosikilizwa ziliongezeka, lakini mahakama hazikuanguka, na wachunguzi waliotumwa kuangalia walisema hivyo. Marufuku hiyo ililegea kidogokidogo miaka iliyofuata mpaka ikatupwa. Lakini tuseme kwa ajili ya hoja kwamba Alaska ilikuwa bahati tu, na kwamba kweli hakuna njia nyingine. Je, hiyo ni sababu ya kulificha jambo darasani? Kama mapatano ndiyo nguzo iliyoishikilia nyumba yote, mwanafunzi wa ujenzi aonyeshwe nguzo, asionyeshwe mapazia.

Watasema pili: asiye na hatia hawezi kukubali kosa, basi waliokubali wote ni wahalifu. Hili linasemwa na mtu ambaye hajawahi kukaa rumande huku kodi ya nyumba ikimsubiri. Huko Houston, katika wilaya ya Harris jimboni Texas, zaidi ya watu 100 walifutiwa hatia zao za dawa za kulevya baada ya maabara kupima hatimaye vitu walivyokamatwa navyo na kukuta kwamba havikuwa dawa za kulevya walizoshtakiwa nazo. Wote hao walikwisha kukubali kosa. Walikubali kabla ya kipimo, kwa sababu kukubali kulikuwa njia ya haraka ya kutoka jela kuliko kusubiri majibu. Mfa maji haachi kutapatapa, na kamba yoyote atakayotupiwa ataishika, hata ile iliyofungwa jiwe.

Watasema tatu, na hili ndilo linalonikera kuliko yote: wanafunzi wanataka kazi, hawataki falsafa, wengi watakuwa askari, wasimamizi wa wafungwa, makarani. Naam, na hiyo ndiyo sababu yenyewe! Askari anayeandika maelezo ya tukio usiku, amechoka, aya mbili tu, huandika akidhani kwamba siku moja atasimama kizimbani kuulizwa maswali juu ya kila neno. Ndivyo alivyofundishwa. Ukweli ni kwamba yaelekea hataulizwa kamwe. Zile aya mbili ndizo zitakazosomwa koridoni, nazo zitapangiwa bei. Hakuna atakayemwapisha, hakuna atakayembana. Askari akilijua hilo toka darasani, ataandika kwa mkono mwingine. Atamtafuta shahidi wa pili. Atamtafuta mkalimani kabla ya pingu. Kumnyima elimu hiyo kwa kisingizio cha kumwandaa kwa kazi ni kumwandaa kwa kazi isiyokuwapo.

Sasa nije kwetu, maana huku nako maji yamekwisha kufika. Kenya iliingiza mapatano ya kukiri kosa katika sheria yake ya mwenendo wa jinai mwaka 2008. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2019. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Rais John Magufuli alitoa siku 7 kwa washtakiwa wa makosa ya uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurudisha fedha, na mamia walijitokeza. Wako waliokuwa wezi hasa, sibishi, na fedha ya umma ikirudi ni jambo la heri. Lakini kumbuka jambo moja. Sheria ya Tanzania iliyaorodhesha baadhi ya makosa, utakatishaji wa fedha ukiwamo, kuwa hayana dhamana kabisa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kuibatilisha orodha hiyo, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha. Mtu aliye mahabusu kwa kosa lisilo na dhamana, akiletewa mapatano, anayapima kwa mizani gani? Jirani yangu kule Ohio aliogopa kupoteza zamu za ghala. Huyu anaogopa miaka. Korido yetu ina kuta ndefu kuliko ile niliyoiona mimi.

Tena angalia sheria yetu ilivyoyaita: makubaliano ya kukiri kosa. Maneno yote mawili yamo, makubaliano na kukiri, yamefungwa pamoja kama mbuzi wawili kwa kamba moja. Nani anawafundisha wanafunzi wetu kuyafungua? Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikakabidhi taarifa yake mwezi Julai mwaka huo. Neno "haki jinai", lililokuwa la wanasheria peke yao, likawa la magazetini na redioni. Ni wakati mwema kwa vyuo kuamka. Lakini chuo kikifungua shahada kwa kununua vitabu vya Marekani vyenye ile mishale ya polisi, mahakama, magereza, kitakuwa kimenunua na ukimya wake pia, na ukimya ni mzigo usiotozwa ushuru bandarini.

Ninachotaka si kikubwa wala hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Nataka kila mwanafunzi wa shahada hii, kabla ya kuhitimu, akae saa 40 katika mahakama ya ngazi ya chini kabisa iliyo karibu naye, na daftari. Aandike kila shauri lilichukua dakika ngapi. Mshtakiwa alitoka nyumbani au rumande. Alikuwa na wakili au hakuwa naye. Alikana au alikubali. Na kama alikubali, aliulizwa nini, kwa lugha gani. Daftari hilo lisahihishwe kama mtihani. Nataka somo la mapatano liwe la muhula mzima, si kurasa tatu, na liwekwe mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajaizoea ile sinema ya nyundo na vazi jeusi. Nataka maigizo ya darasani yafanyike koridoni: mmoja awe mwendesha mashtaka mwenye faili 60, mmoja wakili mwenye dakika 5, mmoja mshtakiwa mwenye watoto, na mmoja mkalimani. Nataka pia, hasa kwetu ambako tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wanafunzi wajifunze maneno ya kazi hii kwa lugha ambayo mshtakiwa anaota ndoto nayo usiku.

Mwalimu atakayeona haya ni madogo mno kwa chuo kikuu, nampa swali moja la kuweka katika mtihani wake wa mwisho. "Eleza tofauti kati ya kukiri na kukubali, na uonyeshe ni ipi kati ya hizo mbili inayozijaza jela zetu." Mwanafunzi atakayeweza kulijibu apewe shahada hata kama amesahau mishale yote. Atakayeshindwa arudi darasani, na mwalimu wake arudi pamoja naye.